Mihogo ya Siku ya Tatu

Mbombo alikuwa na kidole gumba ambacho kiwanda kizima kilikiogopa. Hayo si majigambo. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Mwaka tisini na mbili, kiwanda cha kusafisha shaba kilimwaga asidi katika kijito cha Mulenda, nyuma ya nyumba za Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi. Samaki walikufa, na wakubwa wa kiwanda wakasema samaki hufa kila mahali. Mihogo ndiyo iliyowaumbua. Wanawake waliiloweka kijitoni kama kawaida, na siku ya tatu, ilipopaswa kumegeka kwa vidole, ilikuwa ngumu vilevile. Siku ya sita, bado. Mbombo akajitwika beseni hadi ofisini kwa mkaguzi wa mazingira, akalitua mezani, juu ya mafaili yake.

Mkaguzi alitoza faini, na hapo ndipo Mbombo alipoonyesha akili. Faini ikienda Kinshasa, alisema, hata harufu yake hatutaisikia. Basi yakafanyika mapatano: badala ya kuilipa serikali, kiwanda kingejenga mabwawa mawili ya chokaa ya kupooza asidi na kupanda miti ukingoni, chini ya macho ya kamati ya wanawake wa mtaa. Kazi ingehesabiwa imekwisha siku ambayo mihogo italainika kwa siku tatu, na mwenyekiti Mbombo ashuhudie kwa saini yake. Wakubwa walicheka walipokuwa wakigonga mhuri. Waache wacheke.

Bwawa la kwanza lilijengwa. Kabla ya la pili, ikaja ile balaa ya mwaka tisini na tatu. Migodi ilikuwa imelala, mishahara haionekani, na mtu mwenye njaa hakosi wa kumlaumu. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakatolewa majumbani mwao. Mbombo na mumewe Kalonji, wote wawili wazaliwa wa Kolwezi, wakajikuta stesheni na maelfu ya wenzao, wakingoja treni. Siku ya tisa Kalonji alikuwa akitetemeka kwa homa.

Asubuhi hiyo akaja Tata Henri, karani wa kiwanda, viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

“Mama Mbombo, saini hapa tu, kusema mayi ya Mulenda iko muzuri. Mi nitakupa nafasi mbili mu wagon ya kufunikwa. Bwana yako hatanyeshewa.”

Henri alikuwa amesikia kwamba mwenye njaa hana miko, akaiamini methali hiyo kama amri ya Mungu. Mbombo alimtazama mumewe, na moyo ukamuuma kweli. Mabehewa karibu yote yalikuwa wazi, na mvua ilikuwa haijachoka.

“Nangojea Mama Mbuyu,” alisema. “Leo njo siku ya tatu ya mihogo.”

Mbuyu, jirani yake, mwenyeji wa asili wa hapo Katanga na mjumbe wa kamati, alitokea na beseni kichwani. Langoni vijana waliosimamia ufukuzaji walimzuia: anawapelekea nini bilulu?

“Mihogo ya nguvu,” aliwajibu. “Munataka kujaribu meno?” Akapita.

Mbombo alichagua muhogo mmoja, akaubonyeza. Kidole gumba kikagoma.

“Hapana saini. Mujenge bwawa ya pili.”

“Wee mama!” Henri alipaza sauti, akielekeza karatasi kwa vijana wa langoni. “Bale unabalindia mayi njo banakufukuza!”

“Huyu hapa ananifukuza?” Mbombo alimnyooshea kidole Mbuyu, ambaye alikuwa amesimama na maji ya beseni yakimchuruzika shingoni. “Na mi nilizaliwa hapa. Ile mayi njo balininawisha nayo siku ya kwanza.”

Kalonji aliinua kichwa mkekani. “Mi nilitumika kazi mu kiwanda yabo miaka makumi mbili na tatu. Mama, usibape saini.”

Henri akatabasamu. “Treni itakubeba. Karatasi itabaki bila prezida wa kamati, itakufa.”

Mbombo alifungua pindo la kitenge, akatoa nakala yake ya mapatano, akampa Mbuyu mbele ya watu wote.

“Kidole moja haiue chawa, mama. Kama kidole inaingia, saini. Kama haiingie, hata balie, hapana.”

Wakapanda behewa la wazi. Mvua iliwanyeshea siku nne, na Mbombo alimfunika Kalonji kwa plastiki huku akijiita mpumbavu, kisha akijikanusha, kisha akijiita tena. Lakini Kalonji alikuwa mbishi kuliko homa. Huko Mwene-Ditu, Kasai, alipona, akaanza kutengeneza baiskeli za watu.

Mwezi wa kumi na moja, dereva mmoja wa lori aliuliza nyumba yao, akawapa kifurushi. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa muhogo, na katikati ya unga, karatasi. Mabwawa mawili yamekamilika, ilisema. Mihogo imelainika siku ya tatu. Chini, mahali pa saini, kiwanda kilikuwa kimepiga chapa: *Mwenyekiti wa zamani, Mbombo.* Kalamu ya Mbuyu ilikuwa imekata “wa zamani”, ikakandamiza hadi karatasi ikatoboka, na kando yake imeandika: *Yuko safari. Nimesaini kwa ajili yake. Mbuyu.*

Mbombo alicheka kwa sauti, halafu akalia, halafu akateleka maji. Bukari, ugali wa unga ule, ilipoiva, Kalonji alimega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, akamtazama mkewe, ndipo akala.