Betri za Mzee Protas

Kila Jumamosi, baada ya chai, mume wangu Protas alikuwa akienda kunywesha betri zake. Zilikuwa mbili, kubwa, za asidi, ndani ya sanduku la bati mbele ya trela yetu ya kulala, uani kwetu Ndera. Anafungua vifuniko sita vya ile ya kwanza, anachungulia kila kitundu, anaongeza maji ya betri polepole mpaka sahani za risasi za ndani zifunikwe. Halafu ya pili. Protas ni mtoto wa wafugaji, tumekulia wote Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ukimbizini, na hajui kuishi na kitu bila kukipa jina. Moja aliiita Gaju, nyingine Bihogo, kama ng'ombe wa baba yake. Aliyaandika majina hayo ubavuni kwa chaki. Mvua ikifuta, anaandika tena.

Trela aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mwaka ule alipoacha udereva. Nia yake ilikuwa moja tu: twende Karagwe, tulale siku mbili karibu na kaburi la mama yake, alijengee.

"Sisi tulirudi nyumbani, yeye tukamwacha huko peke yake," alikuwa akisema.

Tatizo lilikuwa sukari. Anajidunga insulini, na insulini inataka friji. Gaju na Bihogo walikuwa wamezeeka. Ukiwasha friji jioni, alfajiri taa ya trela inafifia, inakuwa nyekundu kama kaa la moto, friji inakoroma kidogo, inanyamaza. Basi kila mwaka tunasema, mwakani. Na aliyesema mwakani mara nyingi zaidi ni mimi. Mimi ni mtu wa kusubiri.

Mwaka huu miguu yake ikaanza kufa ganzi. Daktari akasema, kama mna safari yoyote ya mbali, iwe sasa. Nikampigia simu mjukuu wetu Umuhoza, anayefunga umeme wa jua huko Kinyinya.

"Bibi, dawa yake ni lithiamu," akaniambia. "Hizo zenu ukizitumia zaidi ya nusu unaziua. Hii unaitumia karibu yote, na ni nyepesi. Nitabadilisha na chaja, ya zamani haifai. Babu anasemaje?"

"Babu usimwambie. Tutamshtukiza."

Hapo ndipo nilipokosea, tena nikiwa nacheka.

Kwetu sisi humtoi ng'ombe zizini mwenyewe akiwa hayupo. Hata awe amezeeka, hata awe anapelekwa machinjoni, mwenyewe anaitwa kwanza, anamshika mgongo, anamuaga. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini niliona betri ni betri.

Alhamisi, Protas alipopelekwa kliniki, Umuhoza akaja. Tulizinyanyua zile za zamani moja moja, yeye upande huu, mimi upande ule, mpaka kiuno kikalia. Sharif, anayenunua betri chakavu Nyabugogo, akazipakia kwenye pikapu. Ile mpya Umuhoza aliibeba kwa mkono mmoja, kama mkoba wa kwenda kanisani.

Jumamosi Protas akanywa chai, akachukua chupa yake ya maji ya betri, akatoka. Sisi nyuma yake, tunabana vicheko. Akafungua sanduku. Akasimama.

"Vifuniko viko wapi?"

"Haina, babu," Umuhoza akasema. "Hii hainywi. Imeokoka."

Siku nyingine angecheka mpaka akohoe.

"Gaju yuko wapi?"

Umuhoza akanitazama mimi.

"Wamekwenda, baba Akimana," nikasema. "Ni kwa ajili ya safari. Friji sasa itakaa siku mbili bila..."

"Nani aliwanyanyua?"

"Mimi na Umuhoza."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kliniki."

Akafunga sanduku polepole, kama anafunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Mama Akimana, nilijua naumwa miguu. Sikujua kwamba nimeshakufa."

Jumatatu nikaenda Nyabugogo. Sharif alinipa kiti.

"Shikamoo mama. Umesahau kitu kwenye zile betri?"

"Marahaba. Ndiyo, nimesahau kumuuliza mwenyewe."

"Zimeshakwenda kuyeyushwa, mama. Betri chakavu silali nazo, zinavuja. Ni zile zenye chaki, si ndiyo? Nilidhani ni majina ya wajukuu."

Nilimweleza Protas kwamba nimezifuata, nimezikosa, na kwamba nimemkosea. Akasema, "Zilikuwa zimechoka, mimi mwenyewe nilijua. Ungeniambia, ningezitoa kwa mikono yangu."

Lakini mwezi mzima hakukanyaga kwenye trela. Nikitaja Karagwe, anauliza kama kunde zimepaliliwa. Nami sikumsukuma. Nilisubiri, kama kawaida yangu. Siku aliyosema mwenyewe, "Haya, tufunge mizigo," alikuwa na kidonda unyayoni ambacho hakukisikia kikianza. Daktari akakiangalia na kusema hakuna safari, wala mwezi ujao.

"Nenda wewe na mtoto," Protas akaniambia. "Mvua zikianza hamtajenga."

Binti yetu Akimana akabaki naye. Umuhoza akaendesha gari, trela ikivutwa nyuma, tukavuka mpakani Rusumo, tukafika. Tulimjengea mama mkwe wangu kaburi la matofali na saruji, nikamwambia mwanawe anamsalimia, ameshindwa kuja. Sababu sikumwambia. Siku zote mbili, usiku kucha, friji iliunguruma vizuri. Ndani mlikuwa na chupa ya maji na nyanya nne.

Tuliporudi, Protas alikuwa kibarazani, mguu juu ya stuli. Aliuliza kaburi limeelekea wapi, na kama saruji imeshika. Halafu akauliza:

"Na taa? Alfajiri ilikuwaje?"

"Nyeupe."

"Hata siku ya pili haikufifia?"

"Haikufifia."

Akatikisa kichwa, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwingine. "Betri nzuri hiyo."

Leo ni Jumamosi. Amemaliza chai. Chupa yake ya maji ya betri bado iko dirishani, imejaa, na mimi sijui niiondoe au niiache. Safari hii nitamuuliza.