Tone la Damu ya Waiyego

Walikanyaga viazi vya Waiyego asubuhi hiyo kama watu wanaokatiza uwanjani. Savea wa kupima ardhi mbele na mashine yake ya miguu mitatu, chifu nyuma, vijana wawili wenye majembe, na Mungai, shemeji yake Waiyego, akiwaonyesha njia. Viazi ndiyo kwanza vilikuwa vinatoa maua. Waiyego alisimama mlangoni, shuka begani, akijua kwamba shamba lake hapo Kiplombe linapimwa ili liuzwe na yeye hana la kusema. Hana la kusema kwa sababu, eti, hana akili.

Na akili anazo zote. Hilo ndilo lililomuuma.

Ilianza na watu wa utafiti waliokuja kanisani kutafuta wazee wa kupimwa damu. Seline, nesi wao, msichana mwenye adabu, aliwaonyesha kikadi kidogo kama laini ya simu. Ndani yake, alisema, kuna chembechembe za dhahabu ndogo kuliko vumbi. Tone moja la damu likigusa pale, zinanasa dalili za Alzaima miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Kila mzee aje na mtu wa familia. Waiyego ni mjane, na kwao mjane husemewa na ndugu ya marehemu, kwa hivyo alienda na Mungai bila kufikiria mara mbili. Janice, binti yake, ameolewa Naivasha. Nani angemtoa huko kwa sababu ya tone la damu?

Majibu yalipotoka, Seline aliwakalisha wote wawili akasema dalili zipo, lakini Mama si mgonjwa. Huenda ugonjwa uje baada ya miaka kumi, huenda usije kamwe. Waiyego aliuliza dawa, akaambiwa bado. Seline akarudia tena kwamba Mama si mgonjwa. Mungai alitikisa kichwa kwa huruma na kusikia alichotaka kusikia.

Wiki hiyo hiyo Mungai alikuwa kwa chifu, akisema shemeji yake ameanza kupoteza akili. Waiyego alipoitwa, alijibu kila alichoulizwa: mwaka walionunua shamba, aliyewauzia, hata jina la ng'ombe waliyemtoa kumalizia bei. Chifu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mungai.

“Hawa huwa wanakumbuka ya zamani vizuri sana,” alisema. “Hiyo ndiyo dalili yenyewe.”

Aii! Ukikumbuka unaumwa, ukisahau unaumwa. Alimpigia Seline simu aje aseme ukweli; Seline akamwambia, karibu alie, kwamba wakubwa wake wamemkataza kuingilia mambo ya familia. Maneno ya chifu yakafika kortini, na Mungai akapewa usimamizi wa mali yote, kwa faida ya Mama, walisema.

Sasa vijana walikuwa wamechimba huku na huku bila kupata kitu. Savea alisema bila jiwe la kona yeye hapimi, asije akashtakiwa na jirani. Mungai hakujua lilipo. Siku mawe ya mpaka yanawekwa hakuwepo. Waliokuwepo ni Waiyego na mumewe, na mumewe yuko kaburini.

Chifu akaja mlangoni, akavua kofia.

“Mama Janice, hebu tusaidie. Lile jiwe la kona liko wapi?”

Aliliona waziwazi, pale chini ya nyasi kando ya mfereji, alipolishikilia kwa mikono yake likifukiwa, akiwa na mimba ya Janice. Akavuta shuka begani.

“Nimesahau,” alisema.

Chifu hakukasirika. Alimshika bega polepole, akawageukia wenzake.

“Mmejionea wenyewe.”

Mungai akachukua jembe kutoka kwa kijana mmoja, akaanza kuchimba mwenyewe katikati ya viazi.