Mgeni Mwenye Maranda Mabegani

Kwa miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri, ndiyo maana mji mzima ulimwita Bi Muhuri, hata wale ambao hawakuwahi kutuma barua maishani mwao. Alipostaafu alidhani atapumzika. Alipumzika siku tisa. Siku ya kumi alikwenda maktaba, ambako binti wa kaka yake alikuwa mkutubi, akavuta kiti, akaanza kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba hakuwa ameajiriwa.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha manne, meza mbili, chumba kidogo nyuma, na rafu nzuri kuliko za miji mingi mikubwa. Rafu hizo zilitengenezwa bure na fundi seremala wa mjini, mzee wa miaka sitini na sita, mgane, mwenye sauti ya chini na vidole vinene. Watu walimshukuru kwa kumfanya mwenyekiti wa kamati ya maktaba, na tangu hapo jina likamganda. Hata marehemu mkewe, aliyefariki miezi minane iliyopita, alikuwa akimwita Mwenyekiti wakati wa kumkaribisha mezani.

Basi mwezi ule vitabu vikaanza kupotea. Kulikuwa na vitabu sita vipya vya watoto vya kujifunzia kusoma, vyembamba, majalada yote ya kijani, vilivyoandikwa namba kwa maneno tu, bila tarakimu: Kitabu cha Kwanza, Kitabu cha Pili, na kuendelea. Kwanza kilitoweka cha nne. Wiki iliyofuata kikatoweka cha sita, kisha cha tatu. Siku chache baadaye cha nne kilionekana tena, kimechomekwa kichwa chini miguu juu katikati ya vitabu vya sheria. Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa.

Waliokuwa na ufunguo walikuwa watatu: mkutubi, mfagizi, na Mwenyekiti mwenyewe, aliyeutengeneza mlango. Mfagizi alikuwa mama wa watoto wanne wadogo, na hilo lilitosha kumtia hatiani. Katibu wa kamati, mwenye duka la dawa, mtu wa haraka katika kila jambo, alisema kwenye kikao cha Jumatatu kwamba vitabu visipopatikana hadi Ijumaa, mama huyo atafute kazi kwingine. Wote walimgeukia Mwenyekiti wamsikie. Mwenyekiti alikohoa, akajifuta jasho shingoni, akasema Ijumaa si mbali.

Bi Muhuri alirudi nyumbani amekasirika. Alimjua mfagizi yule. Alikuwa mtu wa kuokota pini sakafuni na kuuliza ni ya nani.

Jumanne asubuhi alikuwa peke yake mezani, binti wa kaka yake akipanga magazeti kwenye chumba cha nyuma, alipoinua macho akaona mtu ameketi kwenye benchi la wasomaji. Alikuwa mfupi, amevaa koti la khaki lililopauka, uso wake umechoka kama wa mtu aliyetoka safari ndefu. Mabegani alikuwa na maranda, yale maganda ya mbao yanayotoka kwenye randa, na kila alipojitikisa hayakudondoka.

Bi Muhuri alimwambia maktaba inafunguliwa saa tatu. Yule mtu akajibu kwa adabu kwamba hakuja kusoma. Alikuja kumwomba amsaidie mtu kabla ya Ijumaa. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu bila kupepesa kwamba ni malaika mlinzi.

Bi Muhuri alikuwa amehudumia watu wa kila namna dirishani, wengine wakiwa wamelewa, na alikuwa na mbinu yake: kukubali kwanza, kuuliza baadaye.

"Kumbe ndiwe wewe," akasema. "Miaka yote hii unanilinda, leo ndiyo unajitokeza."

"Hapana, mama. Mimi si wako." Yule mtu alionekana kuona haya kidogo. "Wako yuko hapo nyuma yako. Ni mpole, na wewe humpi kazi nyingi, kwa hiyo mara nyingi anasinzia. Mimi ni wa yule anayechukua vitabu."

Mkutubi alichungulia kutoka chumba cha nyuma akauliza, "Shangazi, unaongea na nani?" Alitazama benchi, akatazama rafu, akamtazama shangazi yake kwa wasiwasi. Hakuona mtu. Bi Muhuri alisema anahesabu tu kwa sauti, na binti akarudi kwenye magazeti yake.

Hapo Bi Muhuri aliweka muhuri chini. Alimuuliza yule malaika, sasa kwa kunong'ona, amtaje basi mtu wake ili mambo yaishe. Malaika akatikisa kichwa. Siri ya mtu aliyekabidhiwa si yake kuitoa, alisema. Ila anaweza kusema hili: mtu wake si mwizi, anaumia, na akiumbuliwa na mtu wa haraka hatainuka tena. Anamhitaji mtu wa taratibu. Alikuwa ameuzunguka mji mzima akitafuta macho yanayoweza kumwona, na ni haya tu yaliyomwona.

"Na mfagizi?" aliuliza Bi Muhuri.

"Mlinzi wake amenijia juu tangu jana," akasema malaika. "Ana haki."

Kisha benchi likawa tupu.

Bi Muhuri akafanya kile alichokijua. Alikichukua kitabu cha nne, kile kilichorudi, akakifungua ukurasa baada ya ukurasa, kama alivyokuwa akichunguza bahasha zisizo na anwani kamili. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili, pembeni, mtu alikuwa amejaribu kuandika herufi "a" kwa penseli nene, mara saba. Ya kwanza ilikuwa imelala chali. Ya saba ilikaribia kusimama.

Kwa miaka thelathini na moja miandiko yote ya mji ule ilipita mikononi mwake. Aliweza kutambua hati ya mtu kwa mkia wa herufi moja. Mwandiko huu hakuwahi kuuona. Haukuwa wa mtoto, kwa maana mtoto hakandamizi penseli mpaka karatasi inatoboka. Ulikuwa wa mtu mzima, mwenye nguvu mkononi, ambaye hajawahi kuandika kitu mbele yake. Tena ni mtu asiyejua upande upi wa kitabu ni juu na upi ni chini, na aliyeanza na kitabu cha nne kwa sababu kwake vyote sita vilikuwa sawa.

Nani katika mji huu, alijiuliza, hajawahi kuandika mbele yangu?

Jibu lilimjia likiwa na sauti ya chini. Mtu mmoja tu, kila alipokuja dirishani, alikuwa amesahau miwani nyumbani. "Dada, nijazie tu hiyo fomu, nitatia saini." Na alitia saini, mduara mmoja na mstari mmoja, kwa madaha. Mtu huyohuyo aliweza kuona msumari uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara. Bi Muhuri alikumbuka maranda mabegani mwa mgeni wake, akajiona mjinga kwa kuchelewa.

Mchana ule alikwenda karakana ya useremala akiwa na Kitabu cha Kwanza kwenye mkoba. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Mwenyekiti alikuwa amepinda juu ya mlango akipiga randa, na nyuma yake, juu ya rundo la mbao, alikuwa ameketi yule mfupi wa koti la khaki, mikono magotini, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Njiani Bi Muhuri alikuwa amepanga maneno mengi. Alipofika aliyaacha. Aliweka kitabu juu ya ule mlango.

"Ulianza na vile vigumu, Mwenyekiti," akasema. "Cha kwanza ni hiki."

Randa ilisimama. Mzee aliangalia kile kitabu, akakaa kwenye kigoda. Hakukana. Aliuliza tu nani mwingine anajua. Bi Muhuri alitupa jicho kwenye rundo la mbao, akasema hakuna mtu.

Ndipo mzee akaeleza, akisimama kila baada ya maneno machache. Alianza kufanya kazi akiwa na miaka minane na hakuwahi kuingia darasani. Tarakimu alizijua, maana mbao hazikatwi bila vipimo. Herufi alizikimbia. Mkewe alijua, na alikuwa macho yake: alisoma kila karatasi, na kila ujumbe wa simu kutoka kwa binti yao wa pekee aliyeolewa mbali, akajibu kwa niaba ya wote wawili. Alipofariki, mzee alibaki na simu asiyoielewa. Wafanyakazi wake walikuwa wakijibiana kwa picha ya kidole gumba, naye akajifunza hiyo. Binti akiandika, yeye anatuma kidole gumba. Mambo yakaenda hivyo.

Wiki tano zilizopita binti alituma ujumbe mrefu kidogo. Mzee akatuma kidole gumba. Tangu siku hiyo binti hakuandika tena, na akipigiwa simu hapokei. Mzee alijua ameharibu jambo, hakujua jambo gani. Kumpa mtu mwingine asome ilikuwa kutangaza mji mzima kwamba mwenyekiti wa maktaba hajui kusoma. Akakata shauri ajifunze mwenyewe, aufikie ujumbe ule kwa miguu yake.

"Neno la kwanza nalijua," alisema. "Ni Baba. Kila ujumbe wake huanza hivyo. Nimekwama hapo."

Alimpa simu. Bi Muhuri alivaa miwani akasoma kimoyomoyo kwanza, na alifurahi kwamba alifanya hivyo. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, bila kutia chumvi wala kupunguza:

"Baba, mume wangu ameniacha. Nimehifadhiwa na rafiki. Naona haya kurudi nyumbani. Umenikasirikia?"

Chini yake kilikuwapo kile kidole gumba.

Mzee alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia. Bi Muhuri hakumwambia anyamaze. Alivuta kigoda kingine akakaa kando yake, akatazama barabarani kama watu wanavyofanya kumpa mwenzao nafasi. Mzee alipotulia, alimwomba amwandikie binti jibu. Bi Muhuri aliishika simu, akafikiri, akamrudishia.

"Andika mwenyewe. Mimi nitakuonyesha herufi, wewe bonyeza."

Iliwachukua karibu nusu saa. Vidole vile vilivyozoea patasi vilikuwa vinene kuliko vitufe, wakafuta na kurudia, na mara moja mzee alicheka, kwa mshangao, alipoona herufi "m" ina milima miwili kama alivyoambiwa. Mwishowe ujumbe ulisomeka: "njo nyumbani mwanangu sijakasirika sikujua kusoma." Neno la kwanza lilipungukiwa na herufi. Bi Muhuri aliona, akaliacha lilivyo.

Simu iliita kabla mafundi hawajarudi kutoka kula. Mzee alipokea, akasema "mama," maana hivyo ndivyo alivyozoea kumwita binti yake, kisha kilio kikamshika, na upande wa pili nako kulikuwa na kilio. Bi Muhuri alichukua mkoba wake akatoka. Kwenye rundo la mbao hapakuwa na mtu. Yule malaika hakumwona tena, siku ile wala siku nyingine.

Ijumaa kamati ilikutana. Katibu alikuwa ameshafungua daftari lake Mwenyekiti aliposimama, akaviweka mezani vitabu viwili vya kijani, akasema ni yeye aliyevichukua na kwa nini. Alisema kwa sauti ileile ya chini, bila kujitetea. Katibu alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akasema, si kwa haraka hata kidogo, kwamba baba yake mwenyewe alikufa hajui kuandika jina lake na hakuna nyumbani aliyewahi kujitolea kumfundisha.

Mfagizi ndiye hakulainika upesi, na hakuna aliyemlaumu. Alisema amesikia samahani, lakini mtaani kwake wameshamwita mwizi kwa wiki nzima, watoto wake wameulizwa shuleni, na samahani ya mle chumbani haifiki huko. Mwenyekiti akamuuliza afanye nini. Mama akamtajia nyumba saba. Kesho yake asubuhi mzee alivaa shati la kutokea, akapita nyumba zote saba, mama akitangulia, na kila mlango alieleza upya kwamba mchukuaji alikuwa yeye. Nyumba ya mwisho waliwapa chai, na mama akakubali kuketi naye.

Jioni hiyo binti aliteremka kwenye basi akiwa na begi moja. Baba yake alimpokea, wakatembea hadi nyumbani bila maneno mengi. Alilala siku mbili mfululizo, akiamka tu kunywa maji, na mzee aliwakataza mafundi kupiga nyundo upande wa nyumba. Siku ya tatu alitokea karakana amejifunga kitambaa kichwani, akaomba kipande cha msasa, akakaa chini karibu na baba yake na kuanza kulainisha miguu ya kiti.