Kisima Chini ya Ua la Darini

Tyra alikuwa amelala chali sakafuni, macho darini, mjomba wake Folke alipoingia na mtaimbo begani.

"Kazi haijaanza, umeshachoka?"

"Njoo ulale hapa uone, mjomba."

"Kwa magoti haya? Niambie tu."

Walikuwa ndani ya nyumba ya chemchemi ya Lindbrunn, jengo la mbao la pembe nane. Zamani wakubwa wa Uswidi walifika kila kiangazi kunywa maji yake yenye chuma, wakitafuta afya. Chemchemi ilikauka Tyra hajazaliwa. Sasa wanakijiji walitaka sakafu mpya ya kuchezea dansi, na Tyra, msanifu majengo, ndiye aliyepewa kazi.

"Tazama," alisema akiinuka. "Kuta zote zinazunguka lile ua lililochorwa darini. Lakini kisima kiko kule dirishani. Nani anajenga nyumba ya kisima, halafu kisima anakitupa pembeni?"

Folke akakuna kidevu. "Mlevi."

"Au kile kilichimbwa baadaye. Cha kwanza kiko hapa, chini ya ua."

Folke, seremala wa siku nyingi, hakuamini hata kidogo, lakini mpwa wake alikuwa amewaka uso mzima. Akang'oa ubao. Mchanga mkavu. Akang'oa wa pili, changarawe.

"Twende tukanywe kahawa, mwanangu."

Tyra akampokonya mtaimbo, akauchomeka kwa nguvu. Ukagonga jiwe.

Hapo hata Folke alisahau magoti yake. Walifukua kwa mikono hadi likajitokeza bamba la jiwe, na walipolisukuma, harufu ya chuma ikawapiga puani. Chini yake palikuwa na birika la mawe, nalo lina pembe nane, na ndani yake maji yalikuwa yakitoa viputo polepole, hai kabisa. Tyra alicheka huku machozi yakimtoka. Folke, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akikimbia, akatoka mbio kwenda kumwita Bibi Asta, aliyegawa vikombe pale enzi za usichana wake.

Bibi Asta alikunywa funda moja, akafumba macho. Wote walimsubiri.

"Mabaya vilevile," akasema. "Nipe jingine."

Jumamosi iliyofuata kijiji kizima kilicheza dansi nje, kwenye majani, kwa sababu sakafu hakuna aliyetaka tena kuirudisha.