Kioo Ndani ya Eda

Aliyepita nyuma ya nyumba ya marehemu Nurdin asubuhi ile angedhani Swalehe fundi amerukwa na akili. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kauelekeza ukutani, akizungumza na matofali.

"Angika timazi kwanza," aliyaambia. "Ufuate uzi wake, usiyaamini macho, shemeji. Macho yana uongo mwingi."

Akatega sikio. Sauti ya kike ikamjibu kupitia tundu la hewa lililokuwa juu ya kichwa chake: "Nimeangika."

Aliyejibu ni Rukaiya, mjane wa Nurdin, aliyekuwa katika mwezi wa pili wa eda. Mwanamke aliye edani hatoki nje, na mwanamume asiye maharimu wake haingii alipo. Swalehe alikuwa rafiki wa Nurdin tangu wakiwa watoto wa kuiba korosho mashambani, lakini urafiki hauna mlango wa nyuma katika jambo kama hilo. Basi aliweka drili na mfuko wa vifaa kizingitini, akakohoa ili ajulikane, kisha akazunguka nyuma na ndoo yake. Kazi ingefanywa na mwenye nyumba mwenyewe, naye angeielekeza kwa mdomo.

Haraka ilitokana na mama mkwe. Mama Nurdin, aliyehamia hapo tangu siku ya msiba, alikuwa amekata shauri kwamba kioo kile hakitalala tena chini ya paa la mwanawe. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, Faridi, mdogo wa marehemu, angekuja na kigari cha kirikuu akipeleke Masasi, kwa mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa amekitamani. Rukaiya alipoambiwa aliitikia "sawa, Mama," kama alivyoitikia kila kitu tangu siku ile. Lakini alfajiri, akiwa bado juu ya mkeka wa sala, wazo moja lilimjia na kukataa kuondoka: kilichofungwa ukutani hakibebwi. Hakujua kwa nini alitaka kibaki. Alijua tu kwamba kikiondoka, Nurdin atakuwa ameondoka mara ya pili.

Kioo chenyewe kilikuwa mlango wa bafu, mkubwa, mzito, usio na fremu hata ya kusingiziwa. Nurdin aliuona mlango wa namna hiyo Mtwara, kwenye nyumba ya wageni, alipokwenda semina ya wapima ubora wa korosho. Alirudi nao mdomoni kama mtu aliyetoka ng'ambo. Hauna mbao, alisema, hauna chuma, umesimama wenyewe kama maji yaliyosahau kumwagika. Akaagiza wake Dar es Salaam. Siku basi lilipouleta Masasi, alipanda pikipiki yake kwenda kuupokea, na kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala akakutana na lori lililoshindwa breki. Kioo kilikutwa ofisi ya mizigo kimezungushiwa blanketi, hakina hata mkwaruzo.

Rukaiya hakulia. Si alipoletewa habari, si jeneza lilipotolewa. Wanawake walimwambia binti yake, Stamili, kabla hajarudi chuoni, kwamba mama yake bado hajaamini, lakini haikuwa hivyo. Aliamini vizuri sana. Ila msiba ule ulikuwa kama wa jirani wa mbali, na yeye kaja kusaidia tu kuosha vyombo. Akiambiwa ale, alikula, na chakula hakikuwa na chumvi wala hakikukosa chumvi. Akiambiwa alale, alilala. Aliungoja uchungu kama mtu anavyomngoja mgeni aliyeagiza salamu kwamba yu njiani, akafagia na kutandika, na mgeni hakutokea.

"Bawaba zikae upande wa kulia," ukuta ulisema. "Umenisikia, shemeji? Kulia."

"Kulia," alisema Rukaiya, akatia alama kulia.

"Sasa toboa. Polepole, kigae kisipasuke. Drili ikipata moto, idondoshee maji."

Alitoboa. Vumbi jeupe lilimwagika juu ya vidole vyake, na mtetemo ukapanda mpaka begani. Akatoboa tundu la pili, la tatu, la nne, akaingiza plagi za plastiki za kushika skrubu na kuzigonga kwa upole kwa mpini wa nyundo.

"Sasa sikiliza," alisema Swalehe. "Kioo hicho kimepikwa kiwandani. Hakikatwi, hakitobolewi. Ukiigonga kona yake sakafuni, kinamwagika chote kama mahindi gunia likipasuka. Na mtu mmoja hakiinui. Umepata wa kukusaidia?"

Rukaiya alikitazama kioo kilichoegemea ukutani juu ya blanketi lililokunjwa. Jambo hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Rukaiya."

Mama Nurdin alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi. Drili ilikuwa imemtoa chumbani.

"Unafanya nini?"

"Nafunga mlango, Mama."

"Mlango ulioniulia mwanangu." Hakupaza sauti. "Nilisema kitoke, ukaitikia. Kumbe ulikuwa unanipisha kama upepo. Ulitaka makuu, mwenzio akaona akuridhishe. Sasa umeridhika?"

Miezi hii miwili Rukaiya alijua kwamba ndivyo mkwewe alivyofikiri, na hakuwahi kujitetea, kwa sababu hata kujitetea kunataka mtu awe na hamu ya kitu. Sasa alijibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni.

"Mama, mimi sikukitaka. Nilimcheka. Nilimwambia, Baba Stamili, sisi tunaoga kwa kopo, maji yenyewe ya mgao, kioo kitamzuia nani? Nikamcheka mbele ya wageni. Hata siku ile, anavaa kofia ya pikipiki, nikamwambia, haya, kamlete salama huyo bibi harusi wako. Hakunijibu. Alifunga kamba ya kofia akaondoka. Neno langu la mwisho kwake ndilo hilo."

Tasbihi ilisimama.

Mama Nurdin alivuta kigoda cha kufulia akaketi. Akaitazama sakafu aliyoitandaza vigae mwanawe kwa mkono wake.

"Na mimi alinipigia simu," alisema. "Akaniambia, Mama, utakuja kuoga ndani ya kioo kama malkia. Nikamwambia, wewe, mtoto wa mwanamke aliyefuata maji bondeni na mtungi kichwani, leo unajenga bafu la kuonyeshea watu makalio? Akacheka. Nilimzaa mimi, Rukaiya. Nakijua kicheko chake. Kile hakikuwa chenyewe."

Akainuka. Akaivua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni kwa fundo la kazi.

"Shika huko," alisema.

"Shemeji," ukuta ukauliza kwa hofu, "mbona kimya? Uko na nani?"

"Niko na Mama."

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Acha maneno. Tuambie tufanye nini."

Swalehe aliwaambia. Waweke vipande viwili vya mbao chini, juu yake wakunje vitambaa. Wakiinue kwa miguu, si kwa mgongo. Mmoja akikumbatie kama mgonjwa, mwingine akaze skrubu, ya juu kwanza. Mama Nurdin alikikumbatia. Shavu lake lilibanwa na kioo, na kutoka upande wa pili Rukaiya, bisibisi mkononi, aliliona jinsi lilivyotandazwa, mikunjo yote ya uzee imelazwa, na kwa kitambo kidogo akamwona Nurdin. Pua ile ile. Alishusha macho, akaendelea kukaza.

Walipoondoa mbao, mlango ulibaki umening'inia wenyewe, hauna kinachoushika ila bawaba mbili. Haukugusa sakafu. Haukutikisika. Ulikuwa mzuri, na Rukaiya aliudhika kidogo kwamba Nurdin alikuwa amesema kweli.

"Ufungue," alisema Mama.

Akauvuta. Ulikuja kwa ulaini, shibiri moja, kisha ngo!

"Nini hicho?" aliuliza Swalehe.

"Pipa," alisema Rukaiya.

Lilikuwa pipa la maji, lililojaa, limekaa kwenye kona yake upande wa kulia kama linavyokaa katika kila bafu la Newala. Lilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi. Aliambiwa kulia, akatoboa kulia.

"Pipa si liko kushoto!"

"Liko kulia."

Ukuta ukasema taratibu: "Lahaula. Shemeji, mimi nimewaelekea ninyi. Kulia nilikosema ni kulia kwangu."

Mama Nurdin aliinama akaupima ule mwanya kwa kiganja. "Hapa anapita paka," alisema. "Tena paka aliyefunga Ramadhani."

Kicheko kilimtoka Rukaiya kabla hajakijua. Kilitoka kikubwa, cha aibu katika nyumba ya eda, na hakikukubali kukoma. Akashika ukingo wa pipa. Aliona pete za maji zikienea juu ya uso wa pipa, akadhani ni tone la drili, kumbe ni machozi yake, na kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo. Kilichobaki kiliuma. Kiliuma chini ya kifua, mahali alipokuwa akijipapasa miezi miwili bila kukuta kitu. Alimtaka mumewe. Alimtaka aje, na kofia yake ya pikipiki, aucheke mlango wake uliofungwa kinyume.

Mama mkwe hakumwambia anyamaze.

"Mtafungua skrubu," Swalehe alikuwa akisema nje, sauti imejaa majuto. "Si kazi. Tena kama kesho Faridi anakuja, mkishakifungua basi..."

"Hatufungui," alisema Mama Nurdin. "Litoke pipa."

"Mama, pipa limejaa. Na bomba lenyewe mpaka wiki ijayo."

"Nimesema litoke. Tutateka."

Akaliokota kopo, akalizamisha. La kwanza hakulimimina ndooni. Alilileta mpaka mbele ya Rukaiya, akalishikilia kwa mikono miwili, akangoja. Rukaiya alikinga viganja, akanawa uso. Machozi hayakuwa yamekwisha, akakinga tena.