Korosho ya Jaladani

Miaka saba Muharami alihangaika na riwaya yake ya wakulima wa Mnyambe. Mchapishaji wa kwanza aliupoteza mswada. Wa pili aliukalia miaka mitatu, simu hapokei. Wa tatu aliukubali, akakata sura mbili, na Muharami alipoomba kuliona jalada kabla ya kuchapwa, akajibiwa, "Jalada tuachie sisi, mwalimu. Hiyo kazi ina wataalamu wake."

Leo nakala zimefika kwa basi. Alilifungua boksi palepale stendi ya Newala, damu ikamchemka. Hao wataalamu walikuwa wamechora bibo jekundu, na korosho wameikalisha juu, kwenye kikonyo, badala ya kuning'inia chini!

Nyumbani alimkuta mama yake uani, anabangua korosho. Mama hajui kusoma.

"Shikamoo, mama," akasema, akampa kitabu bila maelezo.

"Marahaba." Mama akakitazama, akakigeuza juu chini, akaangua kicheko. "Aliyeandika hiki hajawahi kuuona mkorosho! Ngoja chako kitoke, mwanangu, watu wasome kitabu cha mtu anayetujua."