Dumu Chini ya Kiti cha Dereva

Mama Saruji alitaka gari refu, basi. Mwuza mabati wa mtaa wa pili alikuwa amelinyanyua lake, akapita nalo mbele ya duka lake la saruji taratibu kama bwana harusi, na tangu siku hiyo pikapu ya dizeli ya Mama Saruji ikawa fupi machoni pake. Akamwita mdogo wake, fundi wa magari. Fundi akaongeza vyuma kwenye springi, akafunga matairi mapana yenye meno makubwa, na gari likasimama juu hata wapakiaji wakalalamikia migongo. Mama Saruji akawaambia wasijali, watarefuka.

Dereva alikuwa baba mdogo wa mume wake, mzee mpole aliyelishika gari hilo tangu lilipokuja dukani. Yeye hakulalamika. Alipanda kwa kujivuta na mlango, akaendelea kupeleka saruji kwa wateja.

Kisha dizeli ikaanza kwenda. Tangi lililozoea kutosha wiki nzima likawa linaomba kujazwa wiki ikiwa bado mbichi, na ukitazama kilomita kwenye dashibodi, utadhani gari halikutoka uwanja wa duka.

"Baba Mdogo, njia si zile zile?"

"Ni zile zile, mwanangu."

"Basi dizeli inakwenda wapi?"

Mzee akasema hajui, na kweli hakujua. Baada ya maneno hayo dizeli ikatulia kidogo. Mama Saruji akajisifu moyoni kwamba jicho lake kali limefanya kazi.

Halafu asubuhi moja, akitafuta risiti, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva na kutoka na dumu. Lilikuwa tupu, lakini shingo yake ilikuwa mbichi kwa dizeli. Hakuuliza. Alishuka nalo katikati ya uwanja, wapakiaji wakiwa na mifuko mabegani, wateja wamesimama, akalinyanyua juu kila mtu alione.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kumbe nafuga mwizi, na kila siku namwamkia, namwita baba."

Mzee aliweka ufunguo juu ya boneti, akatoka getini kwa miguu. Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mteja pale kando, akasikia yote. Aliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Mama Saruji akashika usukani mwenyewe. Njia zile zile, mzigo ule ule, ufunguo hauondoki kiunoni mwake. Na dizeli ikaisha upesi kuliko wakati wa mwizi. Akakagua tangi, akakagua mipira ya kupitishia dizeli, akanusa chini. Hapakuwa na tone. Ndipo akaenda kumtafuta mdogo wake.

"Dada, matairi yale ni mazito kuyazungusha," Fundi alisema, macho yake kwenye vidole vyake. "Na gari likiinuka, upepo unalipiga kifuani. Lazima linywe. Halafu mita ya kilomita inahesabu mizunguko ya tairi. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, mita haijui. Umetembea sana, yenyewe inakuonyesha kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniagiza gari refu. Hukuniuliza litakunywa kiasi gani."

"Na siku ile ya dumu? Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ukishapanda kwa hasira, dada, nani anakusogelea?"

Mama Saruji alitaka kumtukana. Fundi alinyamaza, sawa, lakini neno "mwizi" lilitoka mdomoni mwake yeye. Hasira hasara, watu husema, ila hawasemi kwamba hasara yenyewe huenda kwa mwingine. Usiku hakulala vizuri, na kulipokucha akaenda kwa mzee.

Mke wa mzee alimkaribisha sebuleni kwa adabu iliyomuuma kuliko matusi. Mzee akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati, akaketi.

"Baba Mdogo, lile dumu lilikuwa la nini?"

"La kuongezea."

"Kuongezea nini?"

"Dizeli. Ulipoanza kunitazama vile, nikawa nanunua kidogo, namimina tangini kabla sijarudisha gari. Nikasema bora nipungukiwe mimi, mradi usinifikirie vibaya."

Mama Saruji akajifunika uso kwa mtandio. Aliomba radhi, akalia, akaomba tena. Akasema arudi kazini hata leo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira yoyote.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ulinitukana uwanjani, unaniomba radhi sebuleni."

Mama Saruji alikwenda moja kwa moja uwanjani, akawaita wapakiaji na waliokuja kununua, akamwita na Fundi asimame mbele. Akaeleza yote: gari, matairi, dumu. Akasema mwizi hakuwapo, palikuwa na ujinga wake tu.

Mkubwa wa wapakiaji akajifuta vumbi la saruji usoni.

"Tumesikia, mama. Ila maneno yako yalitoka getini zamani. Wajukuu wa mzee huko shuleni wanaitwa watoto wa dumu. Kule nani ataenda kusema?"

Mama Saruji akamuuliza shule yenyewe ni ipi.